Kiongozi wa uokoaji haingii majini

Wiki iliyopita mwenyekiti mmoja wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, upande wa Buchosa huku Ziwa Victoria, kanipigia simu ana furaha kabisa, "Mwalimu, kiongozi wa kikosi tushampata, huyu kijana anapiga mbizi balaa, akizama hapa anaibukia kule." Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa kimya kwanza. Hii ni mara ya ngapi jamani? Kila mwalo, yaani ufukwe wanaotia nanga wavuvi, ninaoenda kufundisha uokoaji, iwe Ukerewe, iwe Kome, iwe Maisome, majina ninayoletewa ni ya waogeleaji tu. Muogeleaji nampenda, namtaka ndani ya mtumbwi, lakini kiongozi wa tukio ni mtu mwingine kabisa na kazi yake iko nchi kavu.

Wazo linakotoka nalijua. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani pale Bukoba, ikiwa na watu 43, wavuvi ndo walifika kwanza na kijana Majaliwa Jackson akajulikana nchi nzima kwa alivyojitosa. Walifariki watu 19, waliobaki wakatoka. Heshima yake naitambua na sitaki mtu aiguse. Ila alichofanya ni kazi ya muokoaji, mimi nafundisha kazi nyingine.

Kiongozi akishaingia majini ana macho mawili tu na yote yanamwangalia mtu mmoja anayetapatapa. Sasa nani anahesabu? Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo watu wanaona nawapotezea muda. Miaka kadhaa nyuma nilikuwepo mwaloni mtumbwi wa abiria ulipopinduka karibu kabisa na ufukwe, kila mwanaume mwenye nguvu akaruka, aliyekuwa kiongozi wa kikosi akaruka wa kwanza, ikawa anayetolewa anachukuliwa na ndugu, mwingine anapakiwa boda, mwingine anaondoka kwa miguu analia. Baadaye mama mmoja akasema mdogo wangu simuoni. Tukamtafuta saa nne nzima, mitumbwi mitatu, petroli ikaisha, vijana wawili wakachoka mpaka na wao tukawavuta kwa kamba. Yule mdogo mtu alikuwa kwa shemeji yake, kafunikwa blanketi, anakunywa uji. Hakuna aliyemwandika kwamba katoka.

Na msidhani hilo ni la mitumbwi midogo tu. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018 kinakaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara, kilikuwa kina uwezo wa kubeba watu 101 na waliokufa wakahesabiwa 228, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua ndani walikuwa wangapi, maana aliyekuwa anakata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea. Kwahiyo nikikwambia mtu wa kwanza kwenye kikosi chako ni mwenye daftari na peni, sina maana ya urasimu. Anayetoka aandikwe jina, ametokea upande gani, kaenda wapi, na nani kampeleka. Huna daftari, chora kwa msumari ubavuni mwa mtumbwi.

Kazi nyingine za kiongozi ni hizi hizi za kila siku ambazo watu hawazioni kama ni uongozi. Ajue saa nane usiku petroli iko kwa nani na huyo mtu anaamka ukimgongea, maana dagaa wanavuliwa usiku wa giza na ajali nyingi tunazoitiwa ni za muda huo. Ajue mtandao unashika juu ya jiwe lipi, amuweke mtu pale na namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na ya mganga wa zahanati. Na awe na ubavu wa kumwambia kijana mwenye hasira "wewe huendi, ziwa limechafuka," na yule kijana abaki.

Mengine napitisha haraka mnayajua. Rusha kwanza dumu tupu la lita 20 lenye mfuniko na kamba kabla ya kurusha mtu. Aliyezama haning'inizwi miguu juu, habingirishwi kwenye pipa, tumbo halikamuliwi. Kama hapumui mpulizie pumzi tano kwanza, halafu kandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2. Akiamka akasema yuko poa anaenda zahanati vilevile.

Kuna mambo mawili sina jibu lake na naona bora niseme. La kwanza, kusitisha. Nafundisha kwamba giza likiingia na mawimbi yakipanda kiongozi anasitisha utafutaji, na kwenye MV Nyerere usiku ule walisitisha. Ila siku mbili baada ya ajali, Jumamosi, akatolewa mtu mzima hai ndani ya kile kivuko kilichopinduka. Kila nikifundisha somo hilo anaibuka mwanafunzi ananiuliza kuhusu yule mtu, na mimi nabaki na kanuni yangu mkononi, naisema, lakini siisemi kwa sauti ile ile. La pili, wavuvi wanahama kufuata samaki. Unafundisha watu ishirini, ukirudi baada ya miezi sita nusu wako kambi nyingine hata mkoa mwingine.

Hilo la pili ndo limenifanya nianze kutafuta watu wasiohama. Kiongozi bora niliyewahi kumfundisha ni mama mmoja anaanika dagaa, kuogelea hajui hata kidogo. Ila anaandika madeni ya mwalo mzima, kila mtu anamjua kwa jina na kwa mtumbwi anaopanda, na akipaza sauti hata wenye injini wanasikia. Siku tumefanya zoezi, vijana wamerudi wanashangilia wamemaliza, yeye kasimama kwenye chanja na daftari lake la madeni, anafuata majina kwa kidole, akasema, "Bado wawili. Rudini."

Nimempigia mwenyekiti tena jana. Nimemwambia kijana wa mbizi aje, kwenye mtumbwi wa kwanza nafasi ni yake, halafu nikamuuliza, mwenyekiti, pale kwenu daftari la madeni anashika nani?