Kiti Hicho Hakikaliwi

Wiki mbili baada ya onyesho letu la mwisho nilikuwa ndani ya teksi ya Busia, pale paki ya teksi Kampala, nikingoja ijae. Kijana mmoja akapanda na begi lake, akainama karibu nami, akauliza kwa adabu, "Shemeji, hapa pana mtu?" Kabla sijafikiri nikamjibu, "Kiti hicho hakikaliwi."

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ile ya chini, iliyokauka, ya mama mjane niliyemwigiza kwa miezi miwili. Mkono wa kulia nao ulikuwa tayari umetua mapajani, kidole gumba na cha shahada vimebanana kama vinavyookota kitu kidogo. Kijana akaomba radhi, akageuka kwenda nyuma. Nilimwita arudi, nikamweleza ukweli kwamba ni maneno ya mchezo wa kuigiza. Akakaa, lakini ukingoni tu, mpaka tulipovuka Daraja la Mto Nile.

Niko jukwaani mwaka wa kumi na tisa sasa. Watu huniuliza nawezaje kushika maneno mengi kiasi kile. Sijawahi kuulizwa maneno hayo huenda wapi mchezo ukiisha, na kwangu hilo la pili ndilo linaloeleza la kwanza.

Mchezo wenyewe ni wa watu wawili. Mjane wa Busia anachambua maharage barazani. Anakuja shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, aliyepotelea ng'ambo ya mpaka miaka mingi, na sasa anataka nyumba. Katikati yao kipo kiti cha marehemu, na kwa saa nzima na dakika ishirini hakuna anayekikalia. Aliyecheza shemeji ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa umri wa baba yangu. Kundini sote humwita Mwalimu. Tulifanya mazoezi wiki sita katika ukumbi wa kanisa, kisha maonyesho tisa: Kampala, Jinja, Tororo, na mawili ya mwisho Busia kwenyewe.

Wiki ya kwanza sishiki hata mstari mmoja, na wanafunzi wangu wa uigizaji nawakataza pia. Tunakaa mezani tunasoma, tunasimama kwenye kila kipande na kuulizana: huyu anataka nini kwa mwenzake, sasa hivi? Swali hili tumelirithi kwa Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, na sijapata chombo kingine kinachonifaa kulishinda. Chukua mstari huu wa ukurasa wa pili: "Chai ipo, ila sukari imekwisha." Karatasini ni habari ya chai. Niliusoma siku mbili kama habari ya chai, na siku mbili nikausahau. Siku ya tatu mwongozaji akaniuliza sukari kweli imekwisha, au ipo kabatini? Ipo kabatini. Basi mama huyu anamfukuza mtu. Tangu hapo sikuusahau tena. Karibu na mwisho mama anausema tena mstari uleule, neno kwa neno, ila sasa anaona aibu kwa sababu sukari imekwisha kweli na anatamani mgeni abaki. Maneno ni yaleyale, na kichwani mwangu hayakuwahi kugongana hata usiku mmoja, kwa kuwa la kwanza lilikuwa la kusukuma na la pili la kuvuta.

Wiki ya pili tukasimama. Mwongozaji akanipa ungo na kilo mbili za maharage mekundu, akaniambia nichambue kweli, si kuigiza kuchambua. Alikuwa amechanganya vijiwe humo kwa makusudi. Siku tatu za kwanza vidole na ulimi viligombana: nikitafuta jiwe, neno linapotea; nikitafuta neno, mkono unasimama. Kisha polepole vikazoeana. Kwenye neno "marehemu" mkono ulisawazisha maharage. Kwenye "nyumba hii" niliokota jiwe. Kwenye "niliyojenga naye" nililitupa, likalia kwenye sahani ya bati, na ule mlio ndio ulionipa pumzi ya sentensi iliyofuata. Jioni moja mtunza ufunguo wa stoo hakutokea, ungo ukabaki ndani. Tukasema tufanye hivyohivyo, mikono mitupu. Ukurasa wa tatu nikakwama kabisa. Nilikuwa nayajua maneno, ila sikuwa na njia ya kuyafikia.

Hili limechunguzwa. Wanandoa wawili wa Marekani, Helga Noice, mwanasaikolojia, na Tony Noice, mwigizaji na mwongozaji, walitumia miaka mingi kuchunguza jinsi waigizaji wanavyokumbuka. Waliona kwamba maneno ambayo mwigizaji aliyasema akiwa anasogea hubaki vizuri kuliko aliyoyasema amesimama tu, na tofauti hiyo ilikuwepo hata miezi baada ya mchezo kuisha, wakati mtu ameshashika sehemu nyingine. Waigizaji wa Uganda tuna urithi wetu wa jambo hili pia. Robert Serumaga, miaka ya 1970, alilijenga kundi lake juu ya mwili, ngoma na sauti kuliko mazungumzo. Wazee waliowahi kuona kazi zile huonyesha kwa mabega kabla hawajapata maneno ya kusimulia.

Lugha ndiyo iliyotugombanisha zaidi, na nina furaha kwamba tuligombana. Mswada uliandikwa kwa Kiswahili sanifu. Kiswahili changu ni cha kambini: baba alikuwa mwanajeshi, na sisi watoto wa makabila kumi na kitu tuliokuwa tukicheza nyuma ya mabweni hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja. Cha Mwalimu ni cha soko la mpakani. Mswada ulisema, "Sikukutuma uniletee habari hizo." Mwalimu akaweka karatasi chini, akasema hakuna mama wa Busia anayesema hivyo. Atasema, "Mimi sikutuma wewe lete hiyo maneno." Mwandishi akakasirika. Siku tatu tulibishana, mpaka mwongozaji akapata njia: mama aseme sanifu anapojilinda, na hasira ikimshinda aangukie kile cha sokoni. Uamuzi mzuri kuliko wote wa mchezo ule. Kule Busia watazamaji walijua ameshindwa kujizuia hata kabla hajapandisha sauti.

Kampala mambo yalikuwa mengine. Kuna pahala shemeji anagonga na kupaza sauti, "Fungua mlango!" Vijana walikaa kimya wakisubiri. Wazee waliokuwa mistari ya mbele, niliwaona kutoka pembeni, walikaza migongo. Kwa waliopitia miaka ya 1970 hapa, maneno hayo, kwa lugha hiyo, yalikuwa ya askari usiku. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 serikali ikaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini nilichokiona kwenye migongo ile kiko pia, na msanii anayeigiza kwa Kiswahili nchini humu lazima akijue kabla hajafungua kinywa.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifunza zaidi. Jinja, onyesho la nne, Mwalimu aliruka kurasa mbili. Alitakiwa kumaliza kwa neno "urithi". Akamaliza kwa "kaburi", ambalo ni kidokezo changu cha mbele sana, yaani neno la mwenzangu linaloniambia ni zamu yangu kusema. Wasiojua jukwaa hudhani ningerudi tu palipoachwa, kwani si ninayajua maneno yangu? Hayapo. Sikuyapata. Ndani yangu hapakuwa na foleni ya mistari inayosubiri zamu. Kila mstari wangu ulikuwa umefungwa kwenye neno la mwisho la Mwalimu, kwenye namna anavyovuta hewa, kwenye goti lake la kushoto analolishika anapotaka kudanganya. Yeye asiposema "urithi", mimi sina jibu la urithi. Nikaendelea kutoka "kaburi" kwa kuwa ndiko mwili ulikoenda, na kurasa zile mbili tukazirudisha baadaye vipande vipande, yeye akinipa neno, mimi nikilipokea. Baada ya onyesho aliniomba msamaha karibu kulia. Nikamwambia ukweli, kwamba ndiyo siku nilipofahamu maneno yangu hayakai kwangu, yanakaa kwake.

Ndiyo maana mchezo ukiisha huwa ni zaidi ya huzuni ya kukosa makofi. Nusu ya ulichokijua kinaondoka na mtu mwingine, kinapanda gari lake kwenda kwake.

Si wote wanaopata hata nafasi ya kuagana. Jumba la Maigizo la Taifa pale Kampala lilifunguliwa mwaka 1959, na mimi siwezi kupita nyuma ya jukwaa lake bila kumkumbuka Byron Kawadwa. Alikuwa akiliongoza jumba hilo. Mwaka 1977, muda mfupi baada ya kurudi kutoka Lagos, alikopeleka kundi lake kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, watu wa Idi Amin walimchukua, na akauawa. Nawafikiria waigizaji wake mara nyingi, wale waliokuwa bado na mchezo mzima mwilini na hakuna aliyewapa kidokezo.

Usiku wa mwisho Busia tulicheza katika ukumbi uliojaa hadi madirishani. Sitausifu sana uigizaji wetu. Usiku wa mwisho waigizaji huwa na tabia ya kukawiza kila kitu, kuonja, nasi tulionja kidogo. Dakika saba tulizidisha. Pazia lilipofungwa nilibaki nimeketi na ungo wangu. Nje watu walikuwa bado wanabishana kama mama alifanya vizuri kumpa nyumba.

Kisha kazi ya kubomoa seti ikaanza, na hufanywa haraka kwa sababu lori linalipwa kwa saa. Mbao za baraza zikang'olewa. Mlango ukalazwa. Kijana wetu wa taa, mtoto mchapakazi aliyekuwa amesimama tangu saa nne asubuhi, alikuwa na kamba ya kiatu iliyofunguka. Akatazama huku na huku, akakivuta kiti, akakaa. Akainama kufunga kamba.

Wiki sita za mazoezi na maonyesho tisa hakuna aliyekaa pale. Hata wakati wa chai tulikuwa tukikizunguka. Nilisimama, na nadhani kinywa kilishafunguka, maana Mwalimu alinishika mkono. Hatukusema kitu. Tulimtazama kijana akifunga kiatu cha kulia, kisha, kwa kuwa ameshakaa, akakaza na cha kushoto. Akanyanyuka, akakibeba kiti kichwa chini miguu juu, akakipeleka lorini. Kilikuwa kimeazimwa kwa familia moja Kampala na kilitakiwa kurudi mezani kwao.

Mimi nina utaratibu wangu wa kuvua mhusika, na nautimiza kila mara. Leso ya mhusika naifua mwenyewe kwa mkono, naianika, naikunja, naikabidhi kwa mtunza maleba. Siichukui nyumbani hata nikipewa. Mswada naufunga kwa uzi. Safari hii niliongeza maharage. Tuliyachambua mara ya mwisho, mimi na Mwalimu, chini ya taa ya uani, tukatoa vijiwe vyote, hata vile vya kupandikiza. Mwenye nyumba tuliyofikia akayabandika. Yalikuwa yamekauka kwa kushikwashikwa, yakachemka mpaka karibu usiku wa manane, na tuliyala yakiwa bado yana ugumu kidogo katikati.

Tangu siku ya kwanza ya mazoezi Mwalimu alikuwa hanitaji kwa jina. Alikuwa ananiita shemeji, kwenye simu, kwenye gari, akiomba chumvi. Asubuhi nilipokuwa napanda teksi ya Kampala alinisindikiza, akanipokelea begi, akalipandisha mwenyewe. Alisimama dirishani akiwa ameshika goti la kushoto.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ufike salama."

"Asante, Mwalimu," nikamjibu.