Lebo ya "Bidhaa ya Mlimani" Inathibitisha Nini?

Huko Japani, pakiti ya kahawa iliyoandikwa Kilimanjaro si lazima iwe na punje hata moja iliyotoka kwenye mlima huo. Kanuni za biashara ya kahawa za huko zinaruhusu jina hilo kwa kahawa aina ya Arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, na kwenye mchanganyiko inatosha kahawa hiyo ifike asilimia 30. Kahawa ya Mbinga au ya Mbozi hunywewa Tokyo kwa jina la mlima ulio mbali nayo, na hakuna aliyevunja kanuni. Ni kahawa nzuri, tena ya milimani. Ila mkulima wa Mbinga hajulikani kwa jina la kwao, na wa Marangu hana namna ya kuonyesha kwamba ya kwake ndiyo ya Kilimanjaro.

Kwa hiyo kikundi cha wakulima kikiahidiwa lebo, kiulize mapema: inathibitisha nini, na nani atakagua?

Umoja wa Ulaya umelilinda neno "bidhaa ya mlimani" kwa kanuni tangu 2012, na masharti yake yanafaa kusomwa hata na sisi. Asali iwe imetokana na mbochi (maji matamu ya maua) na chavua ya maua ya mlimani tu. Ng'ombe asiyehamishwa kufuata malisho apate angalau asilimia 60 ya chakula chake cha mwaka kutoka mlimani. Kwa nguruwe, anayetegemea zaidi nafaka, ni asilimia 25. Jamu ya matunda ya mlimani inaweza kutiwa sukari ya tambarare, mradi viungo vya nje visizidi nusu ya uzito. Usindikaji nao ufanyike mlimani, ingawa machinjio yanaruhusiwa kuwa nje ya eneo la mlima, umbali usiozidi kilomita 30.

Masharti hayo ni makini, lakini yote yanahusu mahali. Hayagusi namna ya kulima. Mkulima aliyefyeka miti yote na udongo wake ukawa unashuka mtoni kila masika anaweza kubandika neno hilo sawa na jirani yake aliyetunza kila mti. Kwa maoni yangu hapo ndipo lebo nyingi za milimani zinapopungukiwa, na sisi tusinakili pengo hilo.

Mfano wa kujazia tunao nyumbani. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliingiza kihamba (shamba la jadi la Wachagga linalozunguka nyumba) cha Shimbwe Juu, mkoani Kilimanjaro, katika orodha yake ya mifumo ya urithi wa kilimo duniani. Ukiingia kihambani unakuta miti ya miringaringa na miruka juu, migomba chini yake, kahawa kwenye kivuli cha migomba, na magimbi chini kabisa. Ng'ombe yuko zizini, analetewa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake inarudi kwenye mashina yaleyale. Maji huja kwa mifongo, yaani mifereji ya jadi. Kivuli na baridi ya mwinuko huchelewesha kahawa kuiva, na punje inayoiva taratibu huwa nzito na ladha yake hukolea. Miti ikiuzwa mbao, au kihamba kikigawanywa kwa watoto hadi kikabaki kipande cha nyumba, ladha hiyo nayo inaondoka. Lebo ya kweli ya kahawa ya huku ingehesabu miti ya kivuli pamoja na kupima mwinuko.

Kamerun imefanya jambo linalokaribia hilo. Asali nyeupe ya Oku ilisajiliwa 2013 kwa jina la mahali inapotoka. Weupe wake unatokana na maua ya miti ya msitu wa Kilum-Ijim, hivyo anayekata msitu anaikata na asali.

Kazi ngumu iko kwenye kumbukumbu. Nyumba nyingi humenya kahawa kwa mashine ya mkono, huivundika, huiosha, huianika kwenye vichanja, kisha hupeleka kilo chache AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Pale kwenye mizani ndipo asili yake hupotea, kwa sababu kahawa ya mwinuko wa juu na ya chini humwagwa gunia moja. Daftari lenye jina la mkulima, kitongoji, tarehe na kilo, pamoja na namba juu ya kila gunia, linatosha kuanzia. Ukaguzi wa kampuni ya nje ni ghali kwa mwenye robo eka, kwa hiyo vikundi vingi duniani hukaguana vyenyewe kwanza, na mkaguzi wa nje akija hupitia sampuli tu.

Nawe mnunuzi, picha ya kilele chenye theluji na maneno "halisi ya mlimani" hayathibitishi chochote. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inakuambia bidhaa imekidhi kiwango. Haikuambii imelimwa mwinuko gani. Geuza pakiti utafute jina la eneo lililo dogo kuliko nchi, msimu wa mavuno, namba ya toleo na jina la aliyekagua. Namba hiyo ya toleo ikiwepo, mpigie muuzaji umwulize ni ya chama kipi cha msingi.