Maroboti kwenye video: yanayosemwa na yaliyo kweli

GITEX, yale maonyesho makubwa ya teknolojia, ikianza tu kule Dubai, simu za Mombasa hazilali. Jamaa zetu walioko huko wanapiga klipu za maroboti wanatuma nyumbani, na ikifika Kisauni ishafowadiwa hadi hujui nani alipiga, halafu kila aliyeipitisha kaitia chumvi yake. Sisi tunaoshika kamera, leo harusi kesho maonyesho ya Mkomani, ndo tunaoulizwa kama ni kweli, kwa hivyo wacha niyamwage hapa yote kwa pamoja.

Iliyozunguka kuliko zote ni ile ya lijitu la chuma linatembea ukumbini, ati bodigadi roboti wa mfalme wa Bahrain na ana silaha ndani. Bodigadi wapi! Yule ni Titan, wa kampuni ya Uingereza inaitwa Cyberstein, kazi yake ni kuwatania watu na kuwaimbia, na klipu ile ilipigwa Abu Dhabi kwenye maonyesho ya silaha ya IDEX mwaka 2019. Ana urefu wa kama mita 2.4 na ndani yake kuna mtu mzima anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Na msicheke waliodanganyika, maana mwaka 2018 TV ya taifa ya Urusi ilimuonyesha roboti Boris akicheza densi huko Yaroslavl, kumbe ni mtu kavaa suti, watu wakaja kuiona shingo yake kwenye picha.

Sasa ukiwa wewe ndo unapiga, usijaze fremu na kichwa na kifua peke yake, rudi nyuma upate miguu. Roboti wengi wa siku hizi wenye miguu miwili wanatembea magoti yamekunjwa kidogo, hatua fupi, wayo unatua bapa. Binadamu hata akijikaza vipi ndani ya suti, mabega na kiuno vitamsaliti tu.

Halafu kuna wale washachoshwa na uongo, kila kitu wanakwambia "hiyo ni kompyuta". Hapana bana. Video ya Atlas, roboti wa kampuni ya Marekani ya Boston Dynamics, akicheza densi, ile ya mwisho wa 2020, ni roboti wa kweli na sakafu ya kweli. Ila kila hatua ilipangwa mapema ikafanyiwa mazoezi, hakuusikia muziki akajirusha tu kwa raha zake. Na video nyingi za maabara zimeharakishwa, mara nne mara kumi, wenyewe wanaandika kijialama kidogo pembeni ambacho mtu akikata klipu kuiweka wima kinapotea. Tizama mtu anayepita nyuma: akitembea kama kafukuzwa na mbwa, ujue.

Hii nyingine ndo inaniudhi. Roboti akijibu swali vizuri, watu wanaamini anafikiri mwenyewe. Oktoba 2024 Tesla walifanya hafla California, maroboti yao ya Optimus, yenye umbo la mtu, yakawa yanawapa wageni vinywaji na kupiga gumzo, mitandao ikawaka moto, baadaye ikajulikana kulikuwa na watu wanayasaidia kwa mbali. Hata Sophia, roboti mwenye sura ya mwanamke wa kampuni ya Hanson Robotics, yule aliyepewa uraia wa Saudia mwaka 2017, mengi anayosema jukwaani yameandikwa kabla. Si dhambi hiyo, onyesho ni onyesho. Dhambi ni sisi kumkata opareta kwenye fremu. Karibu kila banda lina kijana kasimama pembeni na rimoti kama ya gemu, macho hayatoki kwa roboti. Mimi naona huyo ndo shoti nzuri kuliko zote na mpige wazi kabisa, mtu ajue kazi inafanywa na nani. Kelele za ukumbi pia zinamchanganya roboti, maswali hayasikii, kwa hivyo mtangazaji wa banda mara nyingi anauliza kwa maiki yake na maswali ni yaleyale.

Mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye video? Wengine wanasema simu mbovu, wengine ati roboti anatoa mawimbi. Ni taa tu. Umeme wetu na wa Dubai ni hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, taa nyingi za ukumbi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, weka shata (muda kamera inaoachia mwanga uingie kwa kila picha) sekunde 1/50 au 1/100 zitatulia. Ukienda Las Vegas kwenye CES, maonyesho ya teknolojia ya huko Marekani, ni hezi 60, basi 1/60. Macho ya roboti na skrini kubwa za nyuma yake zina mapigo yao wenyewe, hapo cheza na shata kidogo kidogo hadi itulie. Na roboti mweupe anayeng'aa ni kama bibi harusi chini ya taa za ukumbi, ukiiachia kamera ijiamulie utapata ama uso wake umeungua kwa mwanga ama watu wote wako gizani, kwa hivyo funga kipimo cha mwanga kwenye uso wake.

"Kamera haiwezi kuumia kwa kumpiga roboti." Aghalabu kweli, lakini CES 2019 mtu alipiga picha gari lenye leza ya kupimia umbali, ya kampuni ya AEye, sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) ya kamera yake ya Sony ikabaki na madoa ya kudumu. Leza zilizo salama kwa jicho si lazima ziwe salama kwa sensa. Maroboti mengi yanabeba leza za aina hii, nyingi ni za nguvu ndogo, ila kuikaribia na lenzi kabisa ukaiganda ya nini?

La mwisho, ati maonyesho ni ya umma kwa hivyo piga yeyote. Roboti hana neno. Lakini watoto ndo huwa mbele wakimshika mkono, na Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, sura ya mtoto inataka ruhusa ya mzazi. Muulize mamake kwanza, yuko hapo hapo nyuma ameshika mikoba.