Introvati na ekstrovati: anaringa, au amechoka na watu?

Lubumbashi ukienda kwenye kilio ukakaa pembeni bila kuongea sana, jioni haijafika watu wameshaulizana: huyu ana shida gani na familia? Au anaringa? Mwenzako anayepita kiti hadi kiti, anasalimia, anataniana na shemeji, anagawa chai, huyo atasifiwa kuwa ana moyo mzuri. Na huenda wewe ndiye uliyekesha na mgonjwa.

Introvati ni mtu ambaye mkusanyiko wa watu humchosha, hata akiufurahia. Ili apate nguvu tena hutafuta utulivu, au mtu mmoja tu wa kuzungumza naye. Ekstrovati ni kinyume chake: kinachomchosha ni kukaa peke yake. Aliyeyaeneza maneno haya ni Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, katika kitabu alichotoa mwaka 1921. Yeye aliangalia fikra za mtu huelekea wapi kwanza, ndani yake mwenyewe au kwa watu na mambo ya nje, na alikubali kwamba kila mtu anazo pande zote mbili. Wanasaikolojia wa leo hupima jambo hili kwa viwango, na wengi wetu tuko katikati.

Aibu ni kitu kingine kabisa. Mwenye aibu anatamani kusogea ila anaogopa ataonekanaje. Introvati haogopi, saa mbili zimemtosha, anaaga. Wapo pia ekstrovati wenye aibu, na hao ndio ninaowahurumia zaidi.

Sasa umeenea mchezo wa kuwapachika watu maarufu herufi nne, kama INFJ au ESTP (I ya mwanzo ni introvati, E ni ekstrovati). Herufi hizo ni za Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, Wamarekani waliogeuza mawazo ya Jung kuwa dodoso lenye aina 16 za watu. Dodoso hujazwa na mwenyewe (na hata yeye akirudia baada ya wiki kadhaa, mara nyingi herufi hubadilika). Rais au mwanamuziki hajajaza chochote. Tunamjazia sisi, kwa kutazama video.

Mchukue Robert Kidiaba, aliyekuwa kipa wa TP Mazembe, timu ya mpira ya hapa Lubumbashi. Mwaka 2010 timu hiyo iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 huko Abu Dhabi, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Kipa huyo alikaa kwenye nyasi akarukaruka kwa makalio, mikono mbele, dunia nzima ikicheka. Ekstrovati wa kupindukia! Lakini ile ni furaha ya bao, mbele ya kamera. Haisemi lolote kuhusu jioni zake nyumbani.

Joseph Kabila, aliyekuwa rais wa Kongo kuanzia 2001 hadi 2019, alijulikana kwa kuongea kidogo hadharani, na wengi wakasema ndivyo alivyoumbwa. Inawezekana. Ila alishika madaraka akiwa na miaka 29, baba yake ametoka kuuawa, nchi iko vitani. Katika hali ile hata msemaji hodari angejifunza kufunga mdomo.

Cha kuuliza ni hiki: baada ya siku nzima katikati ya watu, mtu huyu hutafuta nini? Kwa shangazi yako utajibu, umeishi naye. Kwa mheshimiwa wa kwenye televisheni huna pa kuanzia.