Maana ya picha ya mfumo katika Linux, na namna ya kuikarabati inapoharibika

Picha ya mfumo ni kumbukumbu ya hali ya kompyuta kwa saa fulani: programu zilizosakinishwa, mipangilio iliyomo ndani ya /etc, na faili zote zinazoiwezesha mashine kuwaka, vyote vikiwa vimehifadhiwa ili mtumiaji akikwama baada ya sasisho baya aweze kuirudisha kompyuta ilivyokuwa jana au juzi. Kwa watumiaji wa Linux Mint kazi hii hufanywa na Timeshift, programu iliyobuniwa na Tony George na ambayo tangu 2022 hutunzwa na timu ya Linux Mint yenyewe. Isipopangiwa vinginevyo, Timeshift haigusi nyaraka zilizomo ndani ya /home, kwa hiyo mtu ambaye hajahifadhi hati zake mahali pengine asihesabu kwamba anayo akiba.

Anayefungua folda ya /timeshift/snapshots na kukuta folda tano, kila moja na tarehe yake, hudhani kwamba ana nakala tano kamili. Sivyo. Timeshift inapotumia rsync, programu ya kunakili faili, picha ya kwanza hunakili kila faili, lakini picha zinazofuata hunakili zile tu zilizobadilika, na zilizosalia hupewa jina jipya linaloelekea kwenye data ileile iliyokwisha kuandikwa diskini. Jambo hili linaonekana kwa macho. Fungua terminali, andika sudo ls -li, kisha taja faili moja, tuseme localhost/etc/hostname, katika folda tatu za tarehe tofauti. Namba iliyo mwanzoni mwa mstari, ambayo ndiyo utambulisho wa faili diskini, itakuwa moja katika mistari yote mitatu, na baada ya herufi za ruhusa utaona idadi ya majina ambayo faili hiyo inayo. Data hufutika pale tu jina la mwisho linapoondolewa. Ndiyo maana kufuta picha ya zamani hakuzidhuru zile mpya, na pia ndiyo maana kufuta picha inayoonekana kubwa mara nyingi hakurudishi nafasi iliyotarajiwa.

Hapo ndipo maana ya kukarabati inapobadilika. Doa likiingia katika data hiyo moja, picha zote zinazoishiriki zimedhurika kwa pamoja, na hakuna ya jana inayoweza kuiponya ya leo. Zaidi ya hayo, rsync kwa kawaida hutambua mabadiliko kwa kulinganisha ukubwa wa faili na saa iliyobadilishwa mara ya mwisho, wala haisomi yaliyomo; faili iliyooza diskini bila kubadilika ukubwa wala saa itaendelea kupewa majina mapya kila usiku kana kwamba ni nzima. Kwa sababu hiyohiyo mtu asithubutu kufungua faili ndani ya picha kwa nano, kihariri cha maandishi cha terminali, ili airekebishe, kwa kuwa atakuwa ameibadilisha katika picha zote.

Kwa hiyo ukarabati huanzia kwenye diski. Kwanza smartctl itumike kukagua afya yake, kwa sababu diski inayokufa haitengenezwi bali hubadilishwa. Ikiwa ni nzima, fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili diskini, iendeshwe juu ya sehemu inayohifadhi picha ikiwa haijapachikwa, yaani haijaunganishwa na mfumo unaotumika. Kama picha zimo katika sehemu ileile ya mfumo, kompyuta iwashwe kwa fleshi yenye Linux. Faili zilizopoteza majina yake huwekwa na fsck katika folda ya lost+found, na zikikutwa humo nyingi, mimi nisingeiamini tena picha yoyote iliyo karibu nazo. Njia salama ni kuielekeza Timeshift kwenye diski nyingine na kupiga picha mpya huko kutoka kwenye mfumo ulio hai na unaofanya kazi vizuri, kisha zile za shaka zifutwe kwa timeshift --delete. Picha mpya ikipigwa kando ya zile mbovu, itarithi data yao.

Watumiaji wa Btrfs, mojawapo ya mifumo ya kupanga faili diskini, wana nafuu moja: mfumo huo huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data, na btrfs scrub huweza kugundua kilichoharibika, ingawa diski ikiwa moja yenye nakala moja ya data, itaarifu tu bila kuponya.

Anayehamisha picha nzima kwenda diski mpya aiandalie mfumo wa faili wa ext4 au mwingine wa Linux, kwa kuwa ule wa FAT haihifadhi wamiliki wa faili wala majina ya ziada. Atumie rsync -aHAX, na asiisahau H: bila herufi hiyo kila jina huwa nakala inayojitegemea, na picha tano zilizokuwa zikigawana nafasi zitahitaji takriban mara tano ya nafasi hiyo.