Kilimo hai na usindikaji: maswali mawili, si moja

Wengi tumezoea kuvigawa vyakula mafungu mawili: huku vya asili, vyenye afya, kule vya kiwandani, vyenye madhara. Mgawanyo huo unachanganya mambo mawili. Kilimo hai ni habari ya shambani, yaani zao lilikuzwaje. Kusindika ni habari ya baada ya mavuno: zao lilifanywa nini kabla ya kufika mezani. Ndiyo maana biskuti zinaweza kutengenezwa kwa ngano na sukari ya kilimo hai zikabaki biskuti, na nyanya ya gengeni ambayo haijapita kiwanda chochote ikawa imepuliziwa dawa juzi tu.

Mkulima wa kilimo hai hatumii mbolea za viwandani kama urea na DAP, wala viuatilifu vya kemikali, wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Anarutubisha udongo kwa samadi, mboji na kwa kubadilisha mazao shambani msimu hadi msimu, hasa kwa kuingiza jamii ya kunde. Hata hivyo si kweli kwamba hapigi dawa kabisa. Dawa zitokanazo na mimea zinaruhusiwa, na mojawapo inayojulikana dunia nzima hutoka kwetu: pareto, yale maua meupe yanayolimwa Iringa, Mbeya na, kwa upande wa Kenya, Nakuru. Mwarobaini nao umo.

Halafu kuna uthibitisho, na hapa ndipo maneno mengi ya sokoni yanapokwama. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu 2007, pamoja na nembo ya Kilimohai. Anayetaka kuuza Ulaya ana masharti zaidi: shamba la mazao ya msimu hupitia kipindi cha mpito cha miaka 2 kabla ya kupanda, na la mazao ya kudumu kama kahawa miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza yanayotambuliwa. Wakulima wa kahawa wa KCU, chama kikuu cha ushirika mkoani Kagera, wameipita njia hiyo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia “hii ni ya kienyeji, mama,” bado hajakwambia kama ni ya kilimo hai. Mchicha wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, unaweza kuwa umekuzwa kwa samadi tupu, lakini mto unaoumwagilia hupokea maji taka ya viwanda na ya majumbani.

Kusindika, kwa upande wake, si dhambi. Kuanika dagaa ni kusindika, na kugandisha mtindi vilevile. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na brusela. Kiwanda kikiyapasha hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 kimekuondolea hatari, hakijakuharibia chakula. Cha kuuliza ni kiasi gani kimefanyiwa kazi, na kimeondolewa nini. Chukua mahindi. Dona husagwa na pumba zake na kiini chake. Sembe hukobolewa kwanza, vikaondoka vyote viwili, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na vitamini B ikaenda navyo kwenye chakula cha mifugo. Sembe ni nyeupe na hudumu kabatini, maana mafuta ya kiini ndiyo yanayoharibu dona upesi.

Mbali zaidi kwenye njia hiyo kuna vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, walivitenga mwaka 2009 katika mfumo wa Nova, wenye makundi manne. Kundi la nne ni soseji, soda, tambi za kuchemsha dakika chache, vinywaji vya unga. Geuza pakiti ya unga wa juisi ya chungwa usome: sukari, asidi ya sitriki, ladha, rangi E102. Chungwa lenyewe mara nyingi halimo. (Namba za E, yaani alama za viongeza vya chakula, peke yake zisikutishe, E300 ni vitamini C.)

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Hall waliwaweka watu 20 kituoni, wiki mbili kwa vyakula vya kundi hilo na wiki mbili kwa vyakula visivyosindikwa sana, wakila watakavyo. Milo iliyoandaliwa ilisawazishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Bado walipopewa vya kundi la nne walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na uzito ukapanda.

Kwa maoni yangu, mwenye mfuko mdogo aanze na swali la usindikaji. Maharage ya kawaida ya sokoni ni bora kuliko chipsi za pakiti zenye nembo ya kilimo hai, na ni rahisi zaidi.

Lakini asili isikulaze usingizi. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu waotao kwenye nafaka, na mahindi yaliyowaua mengi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa bado na unyevu. Kuvu hiyo haijali kama shamba lilitiwa urea au samadi. Anayesaga dona nyumbani akaushe mahindi vizuri na aondoe punje zilizooza au kubadilika rangi kabla ya kwenda mashineni, ingawa sumu yenyewe inaweza kuwemo hata kwenye punje inayoonekana safi.