Saba, tatu, moja, kisha tatu tena: hesabu ya stesheni za Scarborough

Waswahili wenzangu wa hapa Toronto wakishajua kwamba kazi yangu ni kupanga njia za usafiri wa umma, swali lao huwa lile lile: metro ya Scarborough itafika lini? Nawajibu kwamba mwaka unaotajwa ni 2030 au karibu na hapo. Hapo huja swali la pili: mbona mlibishana miaka yote hiyo? Hilo siwezi kulijibu tukiwa tumesimama mlangoni na makoti mkononi, kwa hiyo nalijibu hapa.

Scarborough ni upande wa mashariki wa Toronto. Una watu zaidi ya 600,000, na hadi mwisho wa mwaka 1997 ulikuwa na baraza lake lenyewe, kabla ya kuunganishwa na jiji kubwa Januari 1, 1998. Sehemu kubwa ilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kumfikiria mtu mwenye gari: barabara pana za njia sita, nyumba zenye bustani, maduka yaliyozungukwa na maegesho. Leo humo wanaishi Watamili, Wachina, Wafilipino, watu wa Karibea, Wasomali, na sisi wa Afrika Mashariki na Kongo, wengi wetu kwenye maghorofa ya kupanga yaliyo kando ya barabara hizo hizo pana. Mji uliochorwa kwa ajili ya magari unakaliwa na watu wengi wanaotegemea basi, na ugumu wote unaanzia hapo.

Metro ya mashariki ilifika stesheni ya Kennedy mwaka 1980 na ikaishia hapo. Mbele yake ikajengwa njia fupi ya kilomita 6.4 yenye stesheni sita, iliyofunguliwa Machi 1985. Watu waliiita RT. Inafaa nieleze ilivyozaliwa, maana hasira za baadaye zina mizizi humo. Njia ile ilianza kujengwa kwa ajili ya tramu za kawaida. Ujenzi ukiwa umeshaanza, serikali ya jimbo la Ontario, iliyokuwa na kampuni yake ya kutengeneza treni za aina mpya, ikasukuma mpango ubadilishwe ili treni hizo zitumike Scarborough. Zilikuwa treni ndogo zisizosukumwa na mota ya kuzunguka: sumaku za umeme chini ya behewa zilijivuta kwenye bamba la chuma na alumini lililolazwa katikati ya reli. Ni ufundi mzuri, na Vancouver waliuchukua wakaukuza hadi ukawa mtandao mkubwa. Scarborough ilibaki na kipande chake kifupi, chenye mabehewa ambayo hayangeweza kwenda kwenye njia nyingine yoyote ya jiji, na kinachosumbuliwa na barafu kila majira ya baridi. Abiria alishuka kwenye metro chini ya ardhi pale Kennedy, akapanda ngazi hadi juu kabisa, akasubiri kwenye upepo.

Kwa hiyo miaka ya 2000 RT ilipozeeka, watu wa Scarborough walikuwa wameshaona mpango wa usafiri wao ukigeuzwa njiani na wakubwa wa mbali. Hilo likumbukwe tunapofika kwenye kura.

Mwaka 2007 meya David Miller alitangaza mtandao wa treni nyepesi kwa viunga vyote vya jiji. RT nayo ingebadilishwa kuwa treni nyepesi na kurefushwa hadi Barabara ya Sheppard: karibu kilomita 10, stesheni saba baada ya Kennedy. Mwishoni mwa 2010 akaingia Rob Ford, aliyeshinda kwa kuahidi metro na metro tu, na siku yake ya kwanza ofisini akatangaza kwamba mpango wa Miller umekwisha. Mwaka 2012 madiwani wakamgeuka na kurudisha treni nyepesi. Novemba mwaka huo jiji na jimbo wakatia saini mkataba, gharama dola bilioni 1.8, zote zikilipwa na jimbo. Mwaka 2013 baraza hilo hilo likageuka tena. Oktoba, kwa kura 24 dhidi ya 20, likachagua metro ya stesheni tatu, gharama zaidi ya dola bilioni 3.5, na kila mwenye nyumba Toronto akaongezewa kodi ya majengo ya asilimia 1.6 kwa awamu tatu ili kuichangia. Mwaka 2016, chini ya meya John Tory, tatu zikawa moja: handaki la kilomita sita hivi bila stesheni hata moja katikati. Mwaka 2019 Doug Ford, nduguye Rob, akiwa waziri mkuu wa Ontario, akazirudisha stesheni tatu na jimbo likauchukua mradi wote. Bei ikawa dola bilioni 5.5.

Saba, tatu, moja, tatu. Msomaji akishika namba hizo nne ameshika kiini cha jambo.

Treni nyepesi ni nini? Jina linapotosha, kwa sababu wepesi huo hauhusu kilo. Ni treni ya umeme yenye mabehewa machache kuliko metro, inayoweza kupita katikati ya barabara, juu ya daraja, au kwenye njia yake peke yake. Kinachoamua kasi ni hiyo njia. Aliyewahi kupanda mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam kutoka Kimara hadi Kivukoni anajua: basi ni basi, lakini likiwa na njia yake linaiacha foleni ya Barabara ya Morogoro imesimama. Treni nyepesi ya Scarborough ingepita kwenye njia ile ile ya RT, mbali na magari, bila taa za barabarani na bila kumnyang'anya dereva hata mita moja ya lami. Hata hivyo kwenye mikutano ya hadhara watu waliichukia wakidhani ni tramu ya katikati ya mji inayosubiri magari yapinde kushoto. Nilizoea kusikia, "Hatutaki tramu zenu huku." Wanasiasa waliojua ukweli hawakuisahihisha dhana hiyo.

Hoja ya pili ilikuwa wingi wa abiria. Metro ya Toronto inaweza kubeba takriban abiria 30,000 kwa saa kwa upande mmoja. Treni nyepesi yenye njia yake hukaribia nusu ya hapo. Mwaka 2013 makadirio ya abiria wa saa ya msongamano yalipandishwa hadi 9,500 na zaidi, na hapo metro ikaonekana inaingia akilini. Miaka mitatu baadaye mpango wa stesheni moja ulipopigiwa hesabu upya, namba iliyotoka ni 7,300. Kwa mtu wa fani yangu hiyo ni namba ya treni nyepesi. Handaki kubwa kwa abiria 7,300 ni sufuria ya harusi kwa chai ya watu wanne.

Lakini nataka niwe mkweli kuhusu upande wa pili, kwa sababu sisi wataalamu hatukuwa wakweli vya kutosha wakati ule. Kubadilisha treni Kennedy ni adha halisi, hasa kwa mzee au mama mwenye kitoto kwenye kigari, na metro inaiondoa. Mtu akipanda stesheni ya Scarborough Centre atakaa kitini hadi katikati ya mji. Tafiti za fani yetu zinakubali kwamba dakika moja ya kusubiri au kubadilisha chombo humuumiza abiria kuliko dakika moja ya kukaa ndani ya treni inayokwenda. Halafu kuna heshima. Mtu aliyepewa RT mwaka 1985 akaambiwa ni ya kisasa, leo ukimletea kitu kingine kisichoitwa metro, atasikia kwamba anapewa makombo mara ya pili. Sisi tulimjibu kwa jedwali la gharama kwa kila abiria. Tulipaswa kuanza kwa kukiri kwamba alitendewa vibaya, kisha tumwonyeshe kwenye ramani ni stesheni gani iko umbali wa kutembea kutoka kwake. Hatukufanya hivyo, na waliosema neno moja tu, "metro", wakaonekana ndio wanaomheshimu.

Ramani ingesema mengi. Stesheni ya chini ya ardhi ni sanduku la zege refu kama uwanja wa mpira, lililozamishwa chini ya barabara, mabomba ya maji na nyaya. Lazima liwe na ngazi za umeme, lifti, mitambo ya hewa, milango ya dharura. Ndiyo maana gharama zikipanda kitu cha kwanza kukatwa huwa ni stesheni: kila moja inayofutwa inaokoa mamia ya mamilioni, ilhali mstari kwenye ramani unabaki na urefu ule ule na mwanasiasa anabaki na ahadi yake. Anayepoteza ni yule aliyekuwa atembee dakika tano, ambaye sasa atapanda basi kwanza.

Basi ndilo lililosahaulika kwenye mjadala wote. Viungani watu wachache mno hufika kwenye treni kwa miguu. Siri ya Toronto, inayoshangaza wapangaji wa miji mingi ya Amerika Kaskazini, ni kwamba mabasi yake ya mitaa hupita mara kwa mara na kumwaga abiria stesheni kutwa nzima. Kwa lugha ya mwendokasi tungeyaita mabasi mlisho. Dola bilioni tano zikienda kwenye handaki, basi linalopita kila dakika ishirini Jumapili jioni halijapona. Oktoba 2020 jiji lilipaka rangi nyekundu njia za mabasi kwenye Eglinton East, Kingston Road na Morningside, kilomita 8.5, na kazi ikaisha ndani ya miezi. Hakuna aliyeshinda uchaguzi kwa sababu yake, lakini mabasi yanayopeleka watu kazini na chuo kikuu yalipata njia mwaka ule ule jambo lilipoamuliwa.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma. Mwaka 2013 moja ya hoja zenye nguvu za metro ilikuwa hii: treni nyepesi itajengwa juu ya njia ya RT, kwa hiyo RT itafungwa kwa miaka kadhaa na watu watapanda mabasi wakisubiri. Metro itapita kwingine, RT itaendelea hadi siku ya ufunguzi. Hoja ilikuwa halali. Ila ilitegemea mabehewa ya 1985 yasubiri mjadala uishe. Jioni ya Julai 24, 2023, karibu na stesheni ya Ellesmere, vifungo vinavyoshikilia lile bamba la katikati ya reli vilishindwa, bamba likainuka, na behewa la mwisho likakatika na kuacha reli. Watu watano waliumia, si vibaya sana. RT haikurudi tena. Ilikuwa ifungwe Novemba mwaka huo hata hivyo, kwa sababu ya uchakavu. Tangu hapo abiria wanapanda mabasi, kile kile walichoahidiwa kuepushwa, na muda wake utakuwa mrefu kuliko ule ulioogopwa. Mkataba wa 2012 ulilenga treni nyepesi iwe inatembea kufikia 2020.

Najua nitaambiwa kwamba miradi ya treni nyepesi nayo imechelewa. Ni kweli kabisa. Njia ya Eglinton ilianza kujengwa 2011 ikalengwa 2020, na lengo hilo lilipita ikiwa bado imefungwa. Sidai kwamba stesheni saba zingefunguliwa kwa wakati. Ninachodai ni kwamba hata zingechelewa miaka mitano, zingekuwa saba.

Mashine ya kuchimba ilianza kazi Januari 2023. Watu wa Scarborough walipewa nafasi ya kuichagulia jina, wakaiita Diggy Scardust. Inachimba handaki moja lenye upana wa zaidi ya mita 10, reli zote mbili zikiwa ndani yake, kwa mradi wa kilomita 7.8. Kwangu mimi mjadala wa aina ya treni umekwisha. Anayeendelea kupiga kelele za kusimamisha kazi sasa anataka kuwaongezea watu hawa muongo mwingine wa mabasi. Kilichobaki kupiganiwa ni milango: stesheni za Lawrence, Scarborough Centre na Sheppard zitakuwa na viingilio vingapi, upande gani wa barabara, na mabasi yatasimama umbali gani kutoka kwenye ngazi. Kuvuka McCowan Road kwenye theluji kwa sababu mlango umewekwa upande mmoja tu kunaweza kula dakika zote ambazo metro imeziokoa. Mikutano ya hatua hii haina watu. Waandishi wa habari hawaji, na mara nyingi wananchi waliopo wanatosha kwenye meza moja.

Kuna mama mmoja Mkongo ninayesali naye. Anasafisha ofisi katikati ya mji na hutoka nyumbani saa kumi alfajiri, wakati metro yote ya Toronto bado imelala, kwa hiyo asubuhi anapanda basi la usiku na ataendelea kulipanda hata baada ya 2030. Treni itamfaa wakati wa kurudi. Anaishi hatua chache kutoka chuo cha Centennial, kampasi ya Progress. Kwenye mpango wa stesheni saba, moja ilikuwa hapo chuoni. Juzi aliniomba nimwonyeshe kwenye simu stesheni yake mpya iko wapi. Nikamwonyesha Scarborough Centre, kisha nikamwonyesha basi litakalomfikisha huko.